Mpenzi, Shabiki au Mraibu? Maelezo juu ya Istilahi za Burudani za Watu Wazima

1. Chanzo cha swali

Miongoni mwa barua tulizozipokea imo moja iliyotufikia kutoka Kilimatinde, wilaya ya Manyoni, mkoa wa Singida. Kilimatinde ni mji mkongwe ulio juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, mji uliokuwa na boma zamani za Wajerumani. Reli iliyofika Tabora mwaka 1912 haikupita hapo, bali ilipita Saranda na Manyoni, na baadaye shughuli za utawala nazo zikahamia Manyoni. Kilimatinde ukabaki mji mdogo, na katika mji mdogo habari ya mtu haichukui siku mbili kuwafikia watu wote.

Aliyetuandikia ni mwalimu mstaafu ambaye ameombwa na jirani zake awe mshenga. Kijana anayeposa ni karani mwenye umri wa miaka 31. Binti anayeposwa ni muuguzi. Wote wawili, wamalizapo kazi, hutazama katika simu zao filamu za katuni zitokazo Japani, na kijana huwachora wahusika wa filamu hizo katika madaftari ambayo sasa yamejaza kabati zima. Burudani hiyo ndiyo iliyowakutanisha: ndani ya basi la kutoka Manyoni, binti aliona juu ya jalada la daftari picha ya mhusika aliyemfahamu, akauliza.

Siku ya posa, baba mdogo wa binti alitaka kujua kijana hufanya nini usiku, maana majirani huiona taa yake ikiwaka hadi usiku wa manane. Mshenga alitafuta neno lenye heshima. Alilikumbuka moja alilopata kulisoma katika kitabu cha mazoezi ya shule kilichochapishwa Kenya, akajibu, "Wazee wangu, kijana huyu ana uraibu wa katuni." Pakawa kimya. Kisha mjomba wa binti akauliza kwa upole, "Mwalimu, na huo uraibu, ameanza kutibiwa?"

Mwalimu alieleza, lakini kila alivyozidi kueleza ndivyo wazee walivyozidi kutazamana. Shauri likaahirishwa hadi baada ya mavuno. Binti, ambaye naye ana mapenzi yayo hayo kwa katuni, alikuwa chumba cha pili akisikiliza, asithubutu kusema neno. Tangu siku hiyo, asema mwalimu, simu yake huitazama ndani ya khanga.

Mwalimu atuuliza mambo matatu: (a) aseme neno gani badala ya uraibu, (b) filamu hizo ziitwe kwa jina gani ili wazee wasidhani kwamba ni michezo ya watoto, na (c) kama Kiswahili kina neno la kumtaja mtu mzima aliyezama katika burudani kama hiyo, pasipo kumtukana. Juu ya posa za watu hatuna mamlaka yoyote. Juu ya maneno twaweza kusema machache. Na kwa kuwa hapa neno moja limetosha kusimamisha ndoa, twaona yafaa tulijibu swali hili kwa urefu.

2. Hadithi iliyotajwa katika barua

Mwalimu atwambia kwamba, ili apate kuelewa, alikaa na kijana akatazama filamu moja ambayo wachumba hao huipenda kuliko zote. Tutaieleza kwa kifupi, kwa sababu kisa chake chahusu jambo lile lile tunalolizungumza.

Hadithi hiyo ilitungwa na mchoraji ajulikanaye kwa jina la Fujita. Alianza kuionyesha mwaka 2014 katika mtandao wa wachoraji wa Japani uitwao Pixiv. Toka mwaka 2015 ikawa inachapishwa vitabu na kampuni ya Ichijinsha, na ilimalizika mwaka 2021. Mwaka 2018, kati ya Aprili na Juni, ilionyeshwa katika televisheni ya Japani kwa sehemu 11 zilizotengenezwa na kampuni ya A-1 Pictures, na mwaka 2020 ikatolewa filamu yake iliyochezwa na waigizaji. Jina lake la Kijapani ni Wotaku ni Koi wa Muzukashii, ambalo maana yake ni kwamba kwa mtu aliye otaku mapenzi ni jambo gumu. Wenyewe hulikata jina hilo wakasema Wotakoi: nusu ya kwanza yatoka katika otaku, na nusu ya pili ni koi, yaani mapenzi.

Hakuna katika hadithi hiyo majoka wala mashujaa warukao angani. Wahusika wake wakuu ni wafanyakazi wanne wa ofisi moja. Narumi Momose amehamia kazi mpya baada ya kuachwa na mwanamume aliyekuwa naye katika kazi ya kwanza. Aliachwa kwa sababu burudani yake ilijulikana. Hapo kazini amkuta Hirotaka Nifuji, waliyecheza pamoja utotoni, ambaye michezo ya kompyuta haimtoki mkononi. Hofu ya Narumi ni kwamba Hirotaka atatoboa siri yake mbele ya wenzao. Wawili hao wapatana wawe wachumba, kwa hoja iliyo nyepesi na nzito pia: kwamba hakuna mmoja kati yao atakayehitaji kujificha mbele ya mwenziwe. Wengine wawili, Hanako Koyanagi na Taro Kabakura, ni wachumba wa siku nyingi wenye kugombana kila mara, nao pia wana burudani zao.

Pana sehemu moja ambayo msomaji wa jarida kama hili hataacha kuitazama kwa makini. Narumi na Hirotaka waenda matembezini katika bustani ya michezo, nao wapatana kwamba siku hiyo asitamke mtu neno lolote lihusulo burudani zao, na atakayelitamka atatozwa faini. Matembezi yakawa ya taabu. Walikuwa wamejinyima msamiati, na kwa kujinyima msamiati walijinyima mazungumzo. Mtu asiyeruhusiwa kulitaja jambo alipendalo huwa kama amefungwa ulimi, hata kama mengine yote aruhusiwa kuyasema. Ndiyo hali ya yule binti wa chumba cha pili.

3. Neno uraibu

Mwalimu hakukosea kwa kupenda. Alikutana na neno lenye nyuso tatu.

Maana ya zamani ya uraibu ni vile vitu ambavyo mtu huvitumia kwa kujistarehesha, kama vile tambuu, tumbaku na vinginevyo vya namna hiyo. Vitu hivyo si chakula wala si dawa. Ni vya kukaribishia mgeni na kupitishia mazungumzo. Katika maana hiyo neno halikuwa na aibu. Sinia ya uraibu iliwekwa mbele ya watu wenye adabu zao.

Kutoka hapo njia ziligawanyika. Nchini Kenya, hasa katika vitabu vya shule, neno lilichukua ule upande wa starehe: mwanafunzi huandika insha akisema uraibu wake ni kusoma au kukusanya stempu, na hakuna amshangaaye. Tanzania, neno lilichukua ule upande wa mazoea yasiyoachika. Huduma za tiba zilipoanza kupanuka, zikiwemo zile za dawa ya methadoni zilizoanzishwa Muhimbili mwaka 2011, neno mraibu lilienea kwa maana ya mtu aliyetawaliwa na dawa za kulevya, naye huitwa hivyo kwa makusudi mema, ili asiitwe kwa majina ya kumdhalilisha. Twaona kuwa neno hilo laifanya kazi hiyo vizuri, nalo halifai kuondolewa hapo.

Hivyo mjomba wa binti alielewa sawasawa alichoambiwa, kwa Kiswahili cha nchi yake; na mwalimu alisema sawasawa alichokikusudia, kwa Kiswahili cha kitabu chake. Hili ni fundisho kwa wote watumiao istilahi: neno moja laweza kuwa salama upande mmoja wa mpaka, na upande wa pili likamfikisha mtu hospitali. Ushauri wetu kwa Tanzania ni kwamba uraibu usitumiwe kwa burudani. Kwa wenzetu wa Kenya, ambako matumizi ya shuleni yameshika, hatuna neno la kuwalazimisha, ila twawaomba waandishi wa vitabu vitumikavyo nchi zote wakumbuke kisa hiki.

4. Neno la burudani yenyewe

Tuseme nini badala yake? Yamependekezwa maneno kadhaa, na kila moja lina uzito wake na upungufu wake.

Burudani ni neno zuri, lenye ubaridi ndani yake, maana lina asili moja na burudi na baridi. Lakini burudani yaweza kuwa ya mtu aliyekaa tu, akaletewa ngoma au muziki. Kijana wa Kilimatinde hakukaa tu: amejaza kabati kwa michoro. Burudani yataja raha yake, haitaji juhudi yake.

Pumbao limo katika kamusi, nalo ni jambo la kupitishia wakati. Tatizo lake ni ukoo wake: lina asili moja na pumbaa na mpumbavu. Mshenga atakayesema kijana ana pumbao atakuwa ametoka motoni na kuingia majini.

Hobi lasikika mijini katika mazungumzo. Hatulichukii kwa sababu ni geni, kwani Kiswahili kimekopa maneno mengi na kuyapa uraia. Lakini kwa wazee wa barazani halielezi kitu.

Twapendekeza shughuli pendwa. Neno pendwa si jipya: katika taaluma ya fasihi husemwa fasihi pendwa na riwaya pendwa, kwa maana ya kupendwa na watu wengi. Huenda mtu akasema patatokea mkanganyo. Hatuoni hivyo, maana hapa pendwa hufuatwa na mwenyewe: shughuli pendwa ya fulani ni kuchora, shughuli pendwa ya fulani ni kufuga njiwa. Neno shughuli laonyesha kwamba mtu afanya jambo, na pendwa laonyesha kwamba hakulazimishwa wala haendeshwi na maradhi.

5. Neno la mwenye burudani

Hapa lugha yetu si maskini. Imejaa maneno, nalo tatizo ni kuyachagua.

Mpenzi. Hili ndilo neno kongwe na pole kuliko yote. Watangazaji wa redio wamesema wapenzi wasikilizaji kwa miaka mingi, na magazeti huandika wapenzi wa soka. Lina sifa moja ambayo lugha nyingine zaweza kutuonea wivu: mtu apendaye filamu ni mpenzi, na mtu apendaye mtu ni mpenzi. Wajapani iliwabidi wayagandishe maneno mawili ili wapate Wotakoi. Mswahili ana neno moja lenye kubeba yote mawili. Karani wa Kilimatinde ni mpenzi wa katuni, na muuguzi ni mpenzi wa katuni, na kila mmoja ni mpenzi wa mwenziwe. Upungufu wake ni kwamba halionyeshi kina. Aliyeona filamu moja na aliyeona mia tatu wote ni wapenzi.

Shabiki. Shabiki ana upande. Ushabiki hustawi penye mashindano, ndiyo maana wanaoshangilia Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936, ni mashabiki kwa haki yao. Lakini mtu achoraye peke yake kwa taa ya usiku hamshangilii yeyote wala hana mpinzani. Kumwita shabiki ni kumvika jezi asiyoiomba.

Mkereketwa. Neno hili lilipata nguvu katika siasa, nalo ni la yule ambaye jambo humwasha ndani kama kitu kilichomkaa kooni. Ni neno lenye picha kali, na kwa sababu hiyo limekwisha kuwa mali ya vyama na itikadi. Tuliache huko.

Mgonjwa, mlevi, chizi. Watu husema kwa mzaha mgonjwa wa mpira au mlevi wa muziki. Penye urafiki mzaha huo hauna ubaya. Penye posa, mzaha huacha kuwa mzaha.

Kipanga. Hili ni neno la wanafunzi, la kumtaja mwenzao mwenye akili nyingi za darasani. Lasifu akili, halisemi lolote juu ya mapenzi ya jambo. Basi halitufai hapa.

Mbobezi. Limetokana na bobea, yaani kuzama katika jambo hadi kulijua ndani na nje. Tumezoea kusikia mwanasheria mbobezi au mwanahabari mbobezi. Neno lasifu ujuzi, halimcheki mtu, wala halimtangazi kuwa mgonjwa. Twapendekeza, basi, kwamba yule mwenye kupenda kwa kawaida aitwe mpenzi, na yule aliyezama aitwe mbobezi: mpenzi wa katuni, mbobezi wa katuni. Wazo si geni kwa wazee wa Kilimatinde. Anayejua namua na mtaji, kichwa na kimbi, na wakati wa kuilala au kuiacha nyumba yake katika mchezo wa bao, ni mbobezi. Hukaa chini ya mwembe kutwa nzima, na hakuna mjomba aulizaye kama ameanza kutibiwa. Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe alijulikana kwa kupenda bao, na katika shughuli nyingi za uongozi alipata nafasi ya kutafsiri tamthilia mbili za Shakespeare. Kadhalika katika Ugogo, mtu mzima apigaye zeze au ilimba hadi usiku huambiwa ana kipaji. Tofauti kati ya zeze na daftari la katuni, kwa upande wa lugha, ni kwamba la kwanza lina jina na la pili halijapata.

6. Katuni, kibonzo, uhuishaji, anime, manga

Swali la pili lahusu jina la filamu zenyewe. Wazee walipolisikia neno katuni waliwaza watoto, nao wana sababu. Vipindi vya katuni vionekanavyo katika televisheni zetu, kama Ubongo Kids cha Dar es Salaam kilichoanza kuonyeshwa mwaka 2014, vimekusudiwa watoto, navyo vimewafaa sana. Hata hivyo historia ya neno hilo hapa kwetu haikuanza kwa watoto. Chakubanga, aliyechorwa na Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, alisomwa na watu wazima wakicheka makosa yao wenyewe. Ndumilakuwili na Lodi Lofa wa jarida la Sani hawakuwa watu wa kumsomea mtoto kabla ya kulala. Kingo wa James Gayo, toka miaka ya 1990, alipendwa maofisini na sokoni. Katuni, basi, lilikuwa neno la watu wazima kabla halijawa la watoto, na mshenga ana haki ya kuwakumbusha wazee hao ujana wao.

Kwa usahihi wa istilahi tutenganishe mambo haya:

Katuni ni mchoro wa kuchekesha au wa kusimulia, uliotulia katika karatasi au unaokwenda katika kioo. Ni neno pana. Kibonzo hutumika kwa maana ya karibu sana na hiyo, nalo huelekea zaidi michoro ya magazetini. Kikaragosi kilikwisha kuwa na maana ya sanamu au mchoro wa mzaha. Tusikitwishe mzigo mwingine.

Uhuishaji ni ile kazi ya kuzifanya picha zilizochorwa zionekane kuwa na uhai. Limeundwa kutokana na huisha, yaani kutia uhai, na kwa maoni yetu ni moja kati ya istilahi zilizofaulu, kwa kuwa laeleza jambo kwa picha ambayo hata asiyesoma ataielewa: mchoro ulikuwa umekufa, sasa umehuishwa. Filamu ya aina hiyo yaweza kuitwa filamu ya uhuishaji.

Anime ni filamu ya uhuishaji ya Kijapani. Wajapani wenyewe walilipata neno kwa kulikata neno refu la kigeni, nao hulitumia kwa uhuishaji wa nchi yoyote. Nje ya Japani limebaki kwa filamu zao tu. Kwa matamshi halitupi taabu. Kijapani, kama Kiswahili, hupenda silabi iishie kwa irabu, ndiyo maana karate na judo viliingia katika lugha yetu bila kupigwa randa. Twapendekeza anime liingie vivyo hivyo, katika ngeli ya karate na filamu: anime hii, anime hizi.

Manga, yaani katuni za Kijapani zilizochapishwa, ni jambo jingine. Ni neno la siku nyingi kwao. Mchoraji Hokusai alilitumia kwa vitabu vyake vya michoro vilivyoanza kutoka mwaka 1814. Lakini kwetu kiti chake kina mwenyewe. Manga kwa Kiswahili ni Uarabuni, hasa upande wa Omani. Ndiko walikotoka Wamanga, na ndiko yalikoitwa kutoka komamanga na pilipili manga. Anayesema nyumbani nina vitabu vya manga aweza kueleweka kuwa ana vitabu vya Kiarabu. Kwa hiyo twashauri kusema katuni za Kijapani au hadithi za picha za Kijapani. Na kama ni lazima kulitumia neno lenyewe, lisemwe manga ya Kijapani.

7. Neno otaku na funzo lake

Neno otaku lafaa kuelezwa kwa sababu safari yake yatuonya. Asili yake ni taku, nyumba, pamoja na kiambishi o cha heshima. Maana yake ni nyumbani kwako, na kwa njia hiyo likawa namna ya adabu ya kusema wewe. Msomaji hatashangaa, nasi huuliza nyumbani hawajambo hali tukimkusudia mke wa mtu, kwani nyumba kwetu nayo ni pazia la heshima. Wapenzi wa katuni wa Japani waliitana kwa neno hilo rasmi mno, na mwaka 1983 mwandishi Akio Nakamori aliwacheka katika jarida kwa kuwapa jina lilo hilo. Mwaka 1989 alipokamatwa mtu aliyewaua watoto wa kike wanne, na magazeti yakamtaja kuwa otaku, jina likawa la kutisha, na maelfu ya watu wasio na hatia wakaingia katika kivuli chake. Ilipita miaka mingi kabla halijarudi kusemwa bila aibu. Kitabu kiitwacho Densha Otoko cha mwaka 2004, na filamu yake ya mwaka 2005, juu ya otaku aliyepata mchumba, vilisaidia kuwaonyesha watu hao kwa sura ya huruma.

Neno la heshima likawa dhihaka, dhihaka ikawa hofu, na hofu ikamfanya mtu kama Narumi afiche maisha yake hata kwa ampendaye. Narumi mwenyewe ni katika wale wajiitao fujoshi, yaani wanawake wapendao kusoma hadithi za mapenzi baina ya wanaume. Nalo neno hilo ni mchezo wa maandishi, ambapo herufi moja ya neno la bibi mwenye staha imebadilishwa ikawa ya kuoza. Walijitukana wenyewe kabla hawajatukanwa na wengine. Jamii isipowapa watu jina la kadiri, watu hao hujichagulia la kujidunisha. Kwa hiyo otaku tulitumie tunapozungumza juu ya Japani na historia hii tu. Kwa watu wetu tutumie mbobezi.

Liko neno jingine ambalo wapenzi hao hulitumia sana, la kuvaa mavazi ya mhusika wa katuni na kujifanya yeye. Katika hadithi tuliyoieleza ni burudani ya Hanako. Hapa hatuna haja ya kukopa wala kuunda. Wataalamu wetu wa sanaa za maonyesho wana neno maleba, yaani mavazi na mapambo ya mchezaji jukwaani au ngomani. Kuvaa maleba ya fulani kwatosha kabisa, na afanyaye hivyo ni mvaa maleba.

8. Muhtasari wa mapendekezo

Anime: filamu ya uhuishaji itokayo Japani.
Filamu ya uhuishaji: filamu ya picha zilizochorwa na kutiwa mwendo, kwa watoto au kwa watu wazima.
Katuni: mchoro wa kuchekesha au wa kusimulia, jina la jumla.
Katuni za Kijapani: zile zilizochapishwa vitabuni, si manga peke yake.
Maleba: mavazi ya mhusika; kuvaa maleba, mvaa maleba.
Mbobezi: mtu aliyezama katika shughuli pendwa akaijua kwa kina.
Mpenzi: mtu apendaye jambo au mtu.
Mraibu: mtu aliyetawaliwa na dawa au mazoea yanayohitaji tiba, lisitumiwe kwa mwenye burudani.
Otaku: jina la Kijapani la mbobezi wa katuni, michezo ya kompyuta na mfano wa hayo, kwa mambo ya Japani tu.
Shughuli pendwa: jambo ambalo mtu hulifanya kwa kulipenda, nje ya kazi yake ya kumpatia riziki.

Haya ni mapendekezo, wala si maneno yaliyokwisha kusanifiwa. Kazi ya kusanifisha ina kamati zake na taratibu zake toka Baraza lilipoundwa kwa sheria mwaka 1967. Wasomaji wenye maneno bora, hasa yatokayo katika lahaja na lugha za jamii zetu, twawaomba watuletee.

Kwa mwalimu wetu wa Kilimatinde tunalo jibu fupi. Baada ya mavuno, atakaporudi barazani, aseme hivi: "Wazee wangu, mara ile nilikosea neno. Kijana wetu si mgonjwa. Ni mpenzi wa filamu za uhuishaji, tena ni mbobezi, kama wazee wa hapa walivyo wabobezi wa bao. Taa mnayoiona yawaka kwa sababu anachora." Wakitaka ushahidi, alete daftari moja kutoka katika lile kabati. Na kama binti, huko chumba cha pili, atapenda kutoka na kusema kwamba yeye ndiye wa kwanza kuitambua picha iliyo juu ya jalada, neno la kusemea sasa analo.